Pengo la Tupa

Chilumba ameniletea tena kopo la maziwa,
na ndani, juu ya pamba, beji tatu
zilizogongwa na jembe lake kule Mahiwa, bondeni kwenye mihogo.
"Wewe unafungua saa," anasema, "hizi hazitakushinda.
Kuna mtu Dasalamu anataka kujua nani alizitengeneza.
Kisicho na jina hakina bei."

Nikazigeuza. Migongoni hakuna chapa,
hakuna herufi, hakuna mwaka,
hata ile nyota ndogo ambayo viwanda vya Ulaya
huificha karibu na pini, kama mtu anayesaini kwa aibu.

Ya kwanza ina tai.
Ya pili ina simba mwenye taji,
ila simba huyu hakuigwa kwenye karatasi:
mabega yameinuka, mkia umelala,
ni simba aliyeshiba, yule anayekatiza njia alfajiri
ukasahau ulikuwa unakwenda wapi.

Hapo nikafunga mlango wa kibanda,
nikavaa lenzi.

Mashine haina mazoea. Ikikata, imekata.
Mkono huanza kwa nguvu kushoto,
ukifika kulia umeshachoka.
Pini ni waya wa spoki. Lehemu imezidi,
imemwagika kama uji wa mwenye haraka.
Shaba ni ya maganda ya risasi; ukingoni
duara la kitako limepigwa nyundo likakataa kufa.
Na kila mgongo una mikwaruzo ya tupa:
mistari kumi na miwili, nafasi,
mistari kumi na miwili, nafasi.
Tupa ile ilikuwa na pengo.

Pengo lile nalijua.
Nimelilalia utotoni, likaniachia alama shavuni.

Nikapanda Mtanda kwa mama.
Bangili aliyorithi kwa bibi yake haitoki tena,
vifundo vimevimba, basi nikaisoma hapo hapo mkononi
huku akichambua kunde kwa mkono wa pili.
Kumi na miwili, nafasi.
"Aliifua nani?"
"Nachilongo, yule wa Mingoyo. Alilipwa kuku wawili.
Bibi alisema mmoja alikuwa mgonjwa."

Kumbe.
Mjerumani akirudi nyuma kuelekea Ruvuma,
Mwingereza akipanda kutoka bandarini,
na katikati yao mtu mmoja ana tupa moja
na watoto wanaotaka kula.
Akaambiwa tai, akatoa tai.
Akaambiwa simba, akatoa simba anayemjua.
Sijui kama aliogopa.
Kwenye tai mistari imebana, kwenye simba imelegea,
au labda tupa ilikuwa imechakaa tu.
Sitaki kumsingizia marehemu.

Imebaki ya tatu.
Haina mnyama, haina taji,
uso mtupu kama sahani iliyooshwa.
Lakini hii ndiyo iliyosuguliwa kuliko zote,
pini imenyooka, lehemu ni tone moja,
na nyuma, pengo lile lile.
Jeshi gani linavaa kitu kisichosema kitu?
Chilumba anasema haikumalizika.
Mama anasema wapagazi walibeba masanduku mpaka wakadondoka,
wala hakuna aliyewapa hata kifungo.
Kisha akanipa ungo, nimsaidie kupepeta.

Nilimwandikia mtu wa Dasalamu:
mbili ni za Nachilongo, Mingoyo, kwa mkono.
Amekasirika, Chilumba anasema.
Alitarajia kiwanda.

Ya tatu sikuiandika.
Iko kwenye droo ya chini,
pamoja na saa ambazo wenyewe hawajarudi.